HARUFU NZURI SI ROHO MTAKATIFU



Neno la leo si laini. Bonasi ya majani ikiingia, chupa nazo zinaingia: vichupa vya mililita 10 vya lavenda, mkaratusi na ubani. Mnaambiwa, "Nusa asubuhi na jioni, roho ya huzuni itatoka. Dawa za hospitali weka kando." Wengine wameviita upako wa amani. Mimi nasema huo ni uongo, na uongo huo unaweza kuua mtu.

Tuwe wa haki kwanza. Harufu inafanya kazi. Mungu alipoumba pua, aliipa njia fupi ya kufika kwenye sehemu za ubongo zinazoshika hisia na kumbukumbu. Ndiyo maana moshi wa kuni unakurudisha jikoni kwa nyanya yako. Watafiti wamewanusisha lavenda watu wanaosubiri daktari wa meno au upasuaji, na mara nyingi wasiwasi umepungua kidogo, kwa muda. Lakini huwezi kumficha mtu kwamba ananusa lavenda, kwa hiyo sehemu ya nafuu yaweza kutoka kwenye kutarajia nafuu. Hata Mithali 27:9 haikatai kwamba manukato humchangamsha mtu. Basi dada anayenusa akalala vizuri hajatenda dhambi. Mnaomwita mchawi, nyamazeni.

Lakini wapendwa, kutulia nusu saa si kupona! Depresheni haikai puani. Mtu ambaye kwa wiki nyingi halali, hali na hatamani kuishi, huyo ni mgonjwa. Ukimwambia aache dawa anuse chupa, umemwacha njiani kama yule kuhani na Mlawi. Tena wewe umempita ukiwa umechukua pesa yake.

Soma Kutoka 30. Mungu alimpa Musa vipimo vya mafuta matakatifu na vya uvumba, akakataza mtu kujitengenezea uvumba kama huo kwa ajili ya kunusa tu. Leo jina la upako limebandikwa kwenye chupa, na chini yake namba ya till! Simoni wa Matendo 8 alitaka kununua kipawa cha Mungu, akakemewa. Wewe unayekiuza je? Katika Yakobo 5 wazee wanampaka mgonjwa mafuta na kumwombea. Bei haikutajwa, na kuokoka kwa mgonjwa kumewekwa kwenye maombi ya imani.

Embu tunajulikana kwa muguka. Kila Jumapili tunawapigia kelele vijana wanaotafuna majani ili moyo uchangamke. Halafu ibada ikiisha tunauza chupa mlangoni ili moyo uchangamke! Kijana akituuliza tofauti iko wapi, tutamjibu nini?

Na mafuta haya ni makali. Mtoto akimeza ya mkaratusi anaweza kupata degedege. Mwenye pumu akiyanusa anaweza kubanwa kifua. Yaweke mbali na watoto.

Mtazame Eliya, 1 Wafalme 19. Nabii mzima, aliyeshusha moto, ameketi chini ya mretemu akiomba kufa. Malaika hakumkemea pepo wala hakumuuzia kitu. Alimwacha alale, akampa mkate na maji, akamrudia mara ya pili. Baadaye Mungu akampa Elisha awe mwenzake. Chakula, usingizi, mtu wa kutembea naye. Hiyo ndiyo huduma!

Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kumshtaki mtu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha katiba. Mahakama imeona kwamba mtu huyo anahitaji msaada. Je, kanisa lione mteja?

Kama unayo chupa, nusa, ufurahie, umshukuru Mungu. Lakini dawa ya daktari usiache. Ukilemewa, nenda hospitali ya Runyenjes au Embu Level 5, au piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni bure. Tena uje tuombe pamoja. Luka alikuwa tabibu na Paulo hakumfukuza.

OMBI: Bwana, waponye waliovunjika moyo, na utusafishe sisi tuliogeuza maumivu yao kuwa biashara. Kwa jina la Yesu.

Andika AMEN, kisha umtumie ndugu mmoja aliyenyamaza siku hizi. Mpigie simu pia.