Msiifute Pumzi ya Waimbaji

Siku hizi nyimbo za kwaya hutufikia kwa simu, nyingi kuliko barua. Twazisikiliza kwa furaha, lakini twasikia pia jambo lisilotupendeza, wala hatutalinyamazia. Ubeti unakwisha, na kabla waimbaji wa besi hawajafunga "Amina" yao, tki! ubeti wa pili umekwisha kuingia. Au kwaya nzima yaimba dakika tano bila kuvuta pumzi hata mara moja. Ni watu gani hao wasiopumua?

Kosa si la waimbaji. Ni la fundi aliyeunga vipande katika kompyuta.

Wengine wadai kwamba kuunga kwenyewe ni udanganyifu. Hatukubaliani nao. Pale Mugunga, kando ya barabara ya Sake, nani ataweza kurekodi wimbo mzima kwa mara moja? Mvua yapiga mabati, pikipiki zapita, umeme wakatika. Hata mafundi wa zamani walikata utepe kwa wembe na kuuunga. Lakini waliukata mshazari! Utepe ulikuwa na upana wa milimeta 6 na kidogo, ukienda sentimeta 38 kwa sekunde. Basi kwa mkato wa digrii 45 sauti ya kwanza ilipungua huku ya pili ikiongezeka, kwa muda wa sehemu moja ya 60 ya sekunde hivi. Sikio halikushtuka. Hayo ndiyo mapishano ya sauti, ambayo mafundi wa leo huyaita krosifedi.

Kompyuta hufanya vivyo hivyo, tena humwachia fundi achague urefu. Na hapo wavivu wamepata kitanda. Programu yaweka mapishano yenyewe, ya urefu mmoja kila mahali, naye fundi aenda zake kunywa chai. Ngoma yataka milisekunde chache tu, la sivyo pigo moja lasikika mara mbili. Sauti ndefu ya kwaya yastahimili zaidi. Tena vipande viwili tofauti vikipishana kwa mstari ulionyoka, sauti huzama katikati kama desibeli 3; ndiyo maana upo mstari wa kupinda, ijapokuwa kwa sauti mbili zilizo sawa kabisa ule ulionyoka ndio ufaao. Asiyejua haya na ajifunze. Si elimu ya miaka.

Lakini ubaya mkubwa ni wa wale wanaokata na kutupa. Mapishano hayawezekani pasipo sauti iliyozidi mahali pa mkato. Kipande cha kwanza hakina budi kuwa na kitu baada yake, na cha pili kuwa na kitu kabla yake: pumzi, mwangwi wa kanisa, mguu unaosogea. Fundi akiyafuta yote, ati anasafisha, hana tena cha kupishanisha. Kisha wimbo ukiisha, afuta na vipande vya asili. Mkimwuliza, ajibu: diski imejaa.

Diski imejaa! Mugunga ilipokea wakimbizi kutoka Rwanda mwaka 1994, na baadaye, miaka mingi, Wakongo waliokimbia vita katika nchi yao wenyewe. Mwezi wa Februari 2025 kambi za kandokando ya Goma zikaondolewa, na watu wakatawanyika. Walioimba bega kwa bega, wangapi watasimama tena mstari mmoja? Ile pumzi waliyovuta pamoja kabla ya "Bwana, utuhurumie" imebaki katika vipande vya asili tu, wala hakuna programu itakayoirudisha ikifutwa.

Kwa hiyo twawaambia viongozi wa kwaya: msimwachie fundi kazi peke yake. Keti naye, vaa visikilizio, sikiliza kila kiungo, na palipo na pumzi mwambie aiache. Tena siku ya kulipa nenda na fleshi yako, udai vipande vyote visivyokatwa, ndipo utoe fedha.