Mali Bila Daftari

Yeyote aliyesafiri kutoka Mwanza kwenda Sengerema au Geita katika miaka ya kivuko alikijua Kigongo kwa jambo moja, nalo ni kungoja. Magari yalipanga foleni kuelekea majini, abiria waliteremka kunyoosha miguu, kina mama walipita madirishani na samaki wa kukaanga, karanga na mayai ya kuchemsha, na kila kibanda kilifungulia redio yake kwa sauti iliyoshindana na ile ya jirani. Tangu Juni 19, 2025, lilipofunguliwa Daraja la J.P. Magufuli lenye urefu wa kilomita 3 hivi, gari huvuka kutoka Kigongo hadi Busisi kwa dakika chache tu. Hiyo ni faraja kubwa, hasa kwa mgonjwa na kwa mfanyabiashara wa samaki. Lakini leo nataka tuzungumze juu ya jambo moja lililokuwa likifanyika katika kungoja kule, nalo ni mabishano ya muziki.

Nakumbuka siku moja redioni ulipigwa wimbo wa zamani wa dansi. Mzee mmoja akasema, "Hao ni NUTA." Mwenzake akamkatiza, "Wapi! Hiyo ni Juwata." Kijana aliyekuwa akiuza soda akawacheka wote wawili, "Wazee wangu, hao ni Msondo Ngoma." Wakabishana mpaka mishipa ya shingo ikawatoka. Kivuko kilipopiga honi, kila mmoja alikimbilia gari lake akiwa na hakika kwamba wenzake ni wajinga.

Ukweli ni kwamba wote watatu walikuwa wakitaja nyumba moja. Bendi hiyo ilianza mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, NUTA. Ilipoundwa Jumuiya ya Wafanyakazi, JUWATA, mwaka 1978, bendi nayo ikabadili jina. Miaka ya 1990 ikaitwa OTTU, kisha ikabaki na jina la mtindo wake, Msondo Ngoma. Laiti pale kibandani pangekuwa na kitabu kimoja kikuukuu chenye kurasa tatu juu ya bendi hiyo, wazee wale wangeachana kama marafiki, na yule kijana angeelewa kwa nini.

Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu nyumbani kwetu kitabu cha namna hiyo kilikuwepo, tukakiharibu kwa mikono yetu wenyewe. Mjomba wangu alikuwa fundi redio hapo hapo Kigongo. Kila usiku alinasa nyimbo kutoka Radio Tanzania kwenye kaseti, na kila wimbo akauandika katika daftari la shule: jina la wimbo, bendi, mwimbaji, mpiga gitaa la solo, siku aliyounasa. Mwisho wa mstari aliandika hukumu yake: "Magitaa yanazungumza, maneno mepesi." Au, "Wimbo mzuri, ila wamerudia sauti ya ule wa mwaka jana." Alipofariki tuligawana redio, meza na vyombo vya kazi. Kaseti ziliwekwa katika sanduku. Daftari, kwa kuwa lilionekana karatasi tupu, lilichukuliwa kufungia maandazi. Nilipokuja kuliulizia, kurasa zilizobaki hazikuzidi nane.

Sanduku la kaseti ninalo mpaka leo. Karatasi za juu zimebanduka kwa joto na unyevu. Nyimbo zinaimba, lakini nyingi sijui ni za nani, wala aliye hai wa kuniambia simwoni. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Siku zote nilidhani methali hiyo inawahusu wenye maduka.

Sasa tujiulize, kitabu cha mwongozo wa muziki kina faida gani hasa? Mfano mmoja wa nchi za mbali utatusaidia. Huko Marekani, mwaka 1974, vijana wachache wa New York walianzisha jarida la muziki lililoitwa Trouser Press. Jarida lilikufa mwaka 1984, lakini mwaka mmoja kabla ya hapo mhariri wake, Ira Robbins, alikuwa ametoa kitabu cha mwongozo wa santuri, kilichoendelea kuchapishwa upya na kuongezwa mpaka miaka ya 1990. Kitabu hicho kilishughulikia roki ya pembezoni, ile ambayo baadaye iliitwa roki mbadala: bendi za kampuni ndogo, ambazo redio kubwa hazikuzipiga na maduka makubwa hayakuziweka mbele. Kila bendi ilipewa sehemu yake: orodha ya santuri zake, miaka yake, na maelezo ya mchambuzi aliyezisikiliza, akisema ipi inafaa na ipi ni kupoteza fedha. Kijana wa mji mdogo, mwenye fedha ya santuri moja tu kwa mwezi, alipata mtu wa kumshauri.

Mimi si mpenzi wa roki. Lakini naona hali ya bendi zile inafanana na ya bendi zetu. Radio Tanzania ilirekodi bendi nyingi studioni mwake, na mikanda ikabaki maktaba. Hapa nchini hapakuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, kwa hiyo santuri nyingi zilichapwa Nairobi, na mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977 njia hiyo nayo ikawa ngumu. Wimbo uliweza kupendwa nchi nzima bila kuwa na santuri dukani, bila karatasi ya kueleza nani alipiga nini. Redio ilimtaja mtangazaji, ikaitaja bendi, ikanyamaza. Muziki usio na karatasi ndio unaohitaji mwongozo zaidi.

Tena wanamuziki wetu hawakukaa mahali pamoja. Mchukulie Muhidin Maalim Gurumo, aliyefariki mwaka 2014. Alikuwa NUTA tangu mwanzo, mwaka 1978 akawa miongoni mwa walioanzisha Mlimani Park na mtindo wake wa Sikinde, mwaka 1985 akaenda Safari Sound, kisha akarudi Msondo. Asikiaye sauti yake katika bendi tatu bila kuijua habari hiyo hudhani bendi zinaigana, kumbe mtu ni yule yule. Mwongozo mzuri humshika msomaji mkono na kumwambia: ukimpenda huyu hapa, mfuate na kule. Huieleza pia mitindo. Saboso ni ya Western Jazz, bendi iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1959 na watu waliotoka Jimbo la Magharibi. Segere Matata ni ya Tabora Jazz, Chakachua ni ya Urafiki. Majina hayo mtoto wa leo huyasikia kama vitendawili.

Si kwamba hakuna aliyeandika. Kelly Askew alitoa kitabu juu ya muziki na taifa letu mwaka 2002, na Alex Perullo akatoa chake juu ya muziki wa Dar es Salaam mwaka 2011. Frank Gunderson alikusanya nyimbo za kazi za Wasukuma katika kitabu kikubwa cha mwaka 2010, na mwaka 2018 akaandika juu ya Gurumo na Hassan Bitchuka. Hizo ni kazi za heshima, na waandishi hao wanastahili shukrani zetu. Lakini vimeandikwa kwa Kiingereza na kuchapishwa ng'ambo, kwa bei ambayo mshahara wa mfanyakazi wa kiwanda cha samaki hauifikii. Msukuma wa Misungwi anayetaka kusoma juu ya wimbo wa kulimia alioimba baba yake hana budi kwanza ajue lugha ya watu wengine. Je, hilo halitutii haya?

Jambo hili halihusu starehe peke yake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 iliweka kwamba haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali ya gari huko Mombasa Januari 1979, na miaka hiyo 50 bado haijatimia. Yeye jina lake linajulikana. Lakini wako watunzi wangapi waliotunga ndani ya bendi, wimbo ukaitwa wa bendi, na leo wimbo huo unapigwa au kuimbwa upya na kijana mwenye jina? Mjane wa mtunzi atadai nini, na kwa ushahidi gani? Mstari mmoja katika kitabu, "mtunzi ni fulani", waweza kuwa karo ya mjukuu.

Wapo watakaosema, "Masikio ninayo, sihitaji mtu wa kunihukumia." Hoja hiyo ina uzito. Mchambuzi naye ni mwanadamu: ana rafiki zake, ana mji wake, na kila mwamba ngoma huvutia kwake. Mwongozo utakaoandikwa Dar es Salaam na mtu asiyewahi kuvuka Kigongo utazisahau bendi zilizokesha zikiwachezesha watu Mwanza, Musoma na Bukoba. Lakini dawa ya hilo ni mchambuzi kutoa sababu zake waziwazi. Akisema wimbo ni dhaifu kwa kuwa maneno yamelazimishwa, nitausikiliza tena na kumpinga nikiwa na hoja. Asiposema neno, hakuna cha kupinga.

Sifa tupu nazo zina hatari yake. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tumezoea kuziita nyimbo zote za zamani "zilipendwa", kana kwamba hapakuwa na wimbo mbaya hata mmoja. Walikuwepo waliopiga ovyo, na walikuwepo walioiga. Tukiwasifu wote sawasawa, tunamnyima haki yule aliyekesha akitafuta sauti mpya ya gitaa. Mjomba wangu aliwapenda wanamuziki kuliko mtu yeyote niliyemjua, na daftari lake lilikuwa kali kama mwalimu wa hesabu.

Basi tufanye nini? Kazi ya kutunza mikanda ya redio na kuchapa vitabu ni ya taasisi, nazo hazina budi kuhimizwa. Lakini nyumbani nako ipo kazi, tena ya gharama ya daftari moja. Jumapili hii, baada ya chakula, mkalishe babu au shangazi na umpigie wimbo mmoja wa zamani. Andika jina la wimbo, bendi, mwimbaji na mtunzi kama anamjua. Andika aliusikia wapi na mwaka gani. Asipokuwa na hakika, andika kwamba hana hakika. Wakibishana wawili, andika kauli zote mbili pamoja na majina ya wasemaji. Mwisho muulize, "Wimbo huu ni mzuri, au ulipendwa tu? Kwa nini?" Hapo mwachie muda, maana ndipo mazungumzo yenyewe yatakapoanza.

Mimi nimeanza na zile kurasa nane. Mwezi uliopita nilikwenda nazo Kigongo, kwa mzee mmoja aliyekuwa rafiki wa mjomba. Sasa foleni haipo, na sehemu kubwa ya vibanda imefungwa. Tulikaa chini ya mwembe, magari yakipita darajani bila kusimama, nikampigia kaseti ya kwanza. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nirudishe nyuma, akasikiliza tena. Kisha akanitajia mpiga gitaa, nami nikaandika.

Kaseti zilizobaki ni thelathini na moja. Mzee ana miaka themanini na mbili.