Kisima Kikiisha Kutengenezwa, Ni Nani wa Kukitunza?



Katika kitabu cha Nehemia twasoma ya kuwa ukuta wa Yerusalemu ulijengwa upya kwa siku 52. Wengi hukumbuka habari hiyo na kuishia hapo. Walakini Nehemia hakuishia hapo. Ukuta ulipokwisha, aliweka mabawabu malangoni, akaagiza wenyeji wa mji washike zamu za ulinzi, kila mtu kuielekea nyumba yake. Twataka mwezi huu kulitazama neno hilo katika jambo la maji ya vijijini.

Mwaka 1971 Serikali ya Tanzania ilikusudia ya kwamba katika muda wa miaka 20 kila mtu wa kijijini apate maji safi, yasiyo mbali kupita meta 400. Visima vikachimbwa, mabomba yakalazwa, pampu zikatiwa. Mwaka 1991 ulipofika, kusudi hilo halikuwa limetimia, na pampu nyingi zilikuwa zimenyamaza. Mara nyingi maji yalikuwamo bado chini ya ardhi. Aliyekosekana ni mtu wa kijijini mwenye spana na ujuzi wa kuitumia. Mpira mdogo ulipochakaa, watu walingoja motokaa ya mafundi kutoka wilayani. Wakati wa kungoja, akina mama walirudi kwenye madimbwi, na watoto wakarudi kuharisha.

Katika Kwale, pwani ya Kenya, katika miaka ya 1980 kazi ilifanywa kwa njia nyingine. Shirika la KWAHO lilikaa na wanavijiji, likawafundisha wanawake kuwa watunzaji wa pampu, na kamati za vijiji zikaweka akiba ya fedha za matengenezo. Huko ndiko ilikojaribiwa pampu iitwayo Afridev, iliyobuniwa ili mwanakijiji aweze kuitengeneza mwenyewe. Pampu nyingi za zamani zilitaka mabomba mazito ya chuma yang'olewe kwanza kisimani. Katika hii, spana moja yatosha kuifungua, na pistoni huvutwa juu kwa fimbo zake, bomba likibaki mahali pake. Basi mama aliyefundishwa, pamoja na wenzake wawili watatu, huweza kubadili mpira na kuyarudisha maji bila kumngoja mtu wa mbali.

Hapa pana mafunzo kwetu. Kwanza, mafundisho yatolewe wakati kazi inapofanyika, kabla wageni hawajafunga mizigo yao. Maana mkono hujifunza kwa kushika. Pili, asifundishwe mtu mmoja tu, kwa kuwa mmoja huhama au hufa, na ujuzi huondoka naye. Tatu, wachaguliwe wale wanaoteka maji kila siku, kwa sababu pampu ikifa wao ndio wa kwanza kuumia. Nne, fundi apewe ujira wake. Hata Maandiko yakiri kwamba mtenda kazi astahili malipo.

Wako wasemao, “Maji ni ya Mungu, kwa nini tuyalipie?” Twawajibu kwa upole: maji ni ya Mungu, lakini mpira wa pistoni hununuliwa dukani. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na senti zilizozuiliwa leo zitalipwa kesho kwa dawa, pengine kwa sanda.

Ninyi walimu, msiwaache watoto wadhani ya kuwa elimu ni kalamu peke yake. Fundi afunguapo pampu, wapelekeni wakatazame, wavijue viungo vyake kwa majina. Nanyi wazazi, binti yenu akitamani kazi ya spana, msimcheke.

Jumapili hii, baada ya ibada, ulizaneni: pampu yetu ikivunjika kesho, ni nani atakayeifungua? Spana iko kwa nani? Akiba ni kiasi gani? Jibu likikosekana, anzeni kulitafuta siku hiyo hiyo, kisima kingali kikitoa maji.

Bwana azibariki nyumba zenu, na mikono inayofanya kazi ndani yake.