Kabla ya Kununua Nyumba, Angalia Pesa Yako ya Tokeni

Ukitaja nyumba inayotunza mazingira hapa Kiamaiko, wengi watakucheka. "Hayo ni mambo ya watu wa Karen. Mimi natafuta nyumba nitaweza kulipa." Sisi tunaona kinyume. Mtu anayehesabu kila shilingi ndiye anafaa kuuliza hilo swali kwanza. Bei ya nyumba utailipa mpaka iishe. Stima na maji utalipia bora unaishi humo.

Fanya hivi leo: fungua taarifa ya malipo kwenye simu yako, ujumlishe tokeni, maji na gesi ya miezi mitatu iliyopita. Hiyo ndiyo rent yako ya pili, na nyumba unayonunua inaweza kuipunguza au kuiongeza.

Giza pia lina bei

Huku kwetu na Huruma, ploti nyingi zimebanana hadi chumba cha chini kinahitaji taa saa sita mchana. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa 12 kila siku inakula zaidi ya yuniti 21 kwa mwezi. LED ya wati 9, ambayo mwanga wake ni karibu sawa, inakula yuniti 3 na kidogo. Chumba chenye dirisha linaloona jua hakihitaji hata hiyo mchana.

Kwa nini ujali? Tangu Aprili 2023, bei ya chini kabisa ya stima ya nyumbani ni ya wanaotumia hadi yuniti 30 kwa mwezi. Ukipita hapo, kila yuniti inapanda bei. Ukipita 100, inapanda tena.

Sasa chukua shawa ya stima ya kilowati 5. Watu wanne wakioga dakika 10 kila mmoja, mwezi unaisha na yuniti 100, kabla hujapiga pasi wala kuwasha TV. Ndiyo maana maji ya kuchemshwa na sola si urembo wa paa. Na paa lenyewe lina kazi: mvua ya milimita 20 kwenye paa la mita mraba 100 ni lita 2,000, yaani mitungi 100 ya lita 20. Uliza kama jengo lina tangi la kuyashika.

Mto hausahau njia yake

Kwa maoni yetu, nyumba haiwezi kuitwa rafiki wa mazingira kama imekaa kwenye njia ya maji. Aprili 2016 jengo la ghorofa sita liliporomoka Huruma baada ya mvua kubwa, na watu karibu 50 wakafa. Mwaka wa 2024, baada ya mafuriko, serikali iliamuru watu wahame mita 30 kutoka mtoni, na nyumba nyingi za Mathare zikabomolewa. Nyumba ya bei ya kutupa kando ya mto ukiilipia deposit leo, unaweza kubaki na meseji ya malipo tu.

"Lakini hizo nyumba ni ghali"

Mara nyingine ni kweli. Piga hesabu. Tuseme malipo ya mwezi yamezidi kwa 2,000 lakini tokeni na maji yamepungua kwa 3,000: hapo umefaidika. Kama hakuna kinachopungua, umeuziwa rangi ya kijani tu.

Muuzaji akisema nyumba ni "green", mwambie akuonyeshe cheti. Cheti cha EDGE, kwa mfano, hupewa jengo linaloonyesha kuwa litaokoa angalau asilimia 20 ya nishati, asilimia 20 ya maji na asilimia 20 upande wa vifaa vya ujenzi. Hosteli za wanafunzi za Qwetu hapa Nairobi zina cheti hicho. Hakuna cheti? Nenda mwenyewe mchana, zima taa, fungua mfereji, kisha omba jirani akuonyeshe tokeni alizonunua mwezi jana.

Ukifika kulipa

Fanya search ya ardhi kwanza. Usitume deposit kwa namba ya mtu binafsi, hata akisema ofa inaisha leo. Lipa kwa Paybill au akaunti yenye jina la kampuni iliyo kwenye mkataba, soma hilo jina kabla ya kuweka PIN, na usifute meseji.

Sisi ni kampuni ya malipo, na ukinunua tokeni mara nyingi sisi hatupotezi kitu. Bado tunakuambia: tafuta nyumba itakayokufanya utulipe mara chache. Inayobaki, weka kwa chama, sako au karo ya watoto.