Utii kwa Mungu Si Kunyamaza



Katika jumuiya zetu ndogo ndogo neno "utii" hutamkwa mara nyingi, lakini kwa maana pungufu. Mtiifu, twaambiwa, ni yule asiyehoji, ainamishaye kichwa mbele ya kila mwenye cheo. Mjane akinyang'anywa shamba na ndugu wa marehemu mumewe, hushauriwa avumilie na kumwachia Mungu. Kijana akitumwa kuwatisha majirani wa kabila jingine, huambiwa kuwa amri ni amri. Naye athubutuye kupinga husomewa sura ya 13 ya Waraka kwa Warumi, kana kwamba Mtume Paulo aliandika ili kuwakinga wadhalimu.

Sisi twaamini kwamba huko ni kuupotosha utii. Sheria halali yatupasa kuishika, kodi kuilipa, na viongozi kuwaombea. Lakini mamlaka ya mwanadamu ni amana aliyokabidhiwa kwa manufaa ya wote. Yakiamuru dhambi yamevuka mipaka yake, na hapo Mkristo hana ruhusa ya kuyatii. Wakunga Shifra na Pua, katika kitabu cha Kutoka, waliamriwa na Farao kuwaua watoto wa kiume wa Waebrania. Hawakuwa na jeshi wala cheo. Walimcha Mungu, wakawaacha watoto hai.

Mambo hayo si ya kale tu. Nchini Burundi, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza mwaka 1993, vijana Wahutu na Watutsi waliishi, walisoma na kusali pamoja katika Seminari Ndogo ya Buta, jimbo la Bururi. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997 watu wenye silaha waliingia bwenini, wakawaamuru watengane, Wahutu upande mmoja na Watutsi upande mwingine. Vijana walikataa. Waseminari 40 waliuawa.

Tuitafakari amri ile. Haikuwadai waikane imani kwa maneno. Iliwadai wasogee hatua chache tu. Lakini kwa hatua hizo wangewatoa wenzao wauawe. Kwa kubaki pamoja walishuhudia kwamba amkanaye ndugu yake amemkana Baba aliyewaumba wote wawili.

Utii wa namna hiyo hauzaliwi saa ya hatari. Hulelewa mezani, darasani na kanisani, katika siku za kawaida. Kwa hiyo twawasihi viongozi wa walei wasingoje siku ya bunduki. Amri ya kutengana hutujia pia kwa sauti ya chini: katika kikao cha ukoo kinachogawa shamba la mjane, katika orodha ya msaada inayoruka majina ya watu fulani, katika kampeni ya uchaguzi inayotutaka tumchukie jirani.

Jumuiya ikutanapo, na ijiulize: juma hili tumeagizwa jambo gani lisilo la haki, na ni nani aliyekataa? Huyo asiachwe peke yake. Tumsindikize mpaka kwenye baraza la kijiji, hata mahakamani, kwa ukweli na bila chuki. Maana apingaye uovu kwa chuki hajamtii Mungu bado, amebadili bwana tu.

Kila siku, katika sala ya Baba Yetu, twaomba mapenzi ya Mungu yatimizwe duniani. Basi tusiwe sisi tunaoyazuia kwa kunyamaza kwetu.