Kukuza Ramani si Kuvuta Mpira

Wapo vijana wa kompyuta wanaodhani kwamba ramani iliyokuzwa ni ramani ile ile ndogo iliyovutwa kama mpira. La hasha! Wala sisemi hivi kwa chuki ya mzee dhidi ya mashine. Nililiona jambo hili kwa macho yangu nilipokuwa katika kamati ya ujenzi wa bweni la wasichana, kwenye shule mojawapo ya miteremko ya Uluguru.

Ramani kuu ya bweni ilichorwa kwa kipimo cha 1:100. Hapo choo chenye upana wa mita 1.2 hupata milimita 12 tu karatasini. Utaandika nini humo? Bomba lipite wapi, sakafu iteremkie upande gani, mlango ufungukie ndani au nje? Ndiyo sababu vyoo, jiko na ngazi huchorwa pia kwa 1:20, zile milimita 12 zikawa 60, na maelezo yakapata pa kukaa. Mchoraji wetu alipita njia ya mkato: alinakili kipande cha ramani, akakibandika kando, akakikuza. Baadaye kamati iliomba mlango wa choo uhamishwe ili mvua ya masika isiingie. Akaurekebisha kwenye ramani kuu. Kile kipande akakisahau. Fundi, ambaye kwa haki hufuata mchoro mkubwa wenye vipimo, akaweka mlango pale pa zamani. Ukuta ukavunjwa. Matofali yaliyopandishwa mlimani kwa vichwa vya kina mama yakawa kifusi.

Wako watakaosema turudi kwenye kalamu ya wino. Nao siwaungi mkono. Kalamu ingekosea vile vile, tena polepole. Kosa lilikuwa la mtu aliyeitumia kompyuta kama mkasi na gundi. Katika Revit unazungushia eneo la choo, nawe unapata mwonekano mkubwa wa jengo lile lile. Ukihamisha mlango mahali pamoja, umehama kote. AutoCAD nayo, tangu toleo la 2008, huweza kuyaacha maandishi yabaki na kimo cha milimita 2.5 karatasini, kipimo kiwe 1:100 au 1:20.

Mpwa wangu, mchoraji mjini Morogoro, alinijibu: "Mjomba, kuyaandaa hayo kunakula muda, na mteja ana haraka." Nikamwambia muda huo huliwa mara moja tu, maana kiolezo kikishatengenezwa hutumika kwa kazi zote zijazo. (Kwetu Waluguru mjomba husikilizwa, angalau mpaka amalize kusema.)

Linaloniudhi zaidi ni maelezo yenyewe, Kiingereza kitupu na vifupisho. Fundi anajua jamvi, lenta, kenchi na chemba. Kwa nini aandikiwe mafumbo? Maelezo yenye namba hutunzwa katika faili moja, na kila ramani huyachota humo. Yakiandikwa kwa Kiswahili mara moja, kazi imekwisha. Nani amekataza?

Basi tumeanza, mpwa wangu nami. Juzi tulikwama kwenye mteremko wa sakafu ya choo: yeye anataka kuandika asilimia 2, mimi nataka sentimita 2 kwa kila mita, kwa kuwa fundi ameshika futikamba. Nimekataa kuondoka mezani kwake mpaka abadilishe.