Picha ya Ubongo Si Ramli

Na Mwanafunzi wa Kidato cha IV

Katika vijiji vyetu vya Ngonga, kama katika sehemu nyingi za Kyela, mzee akianza kusahau majina ya wajukuu zake, au akitoka usiku akashindwa kurudi nyumbani, maneno huwa mengi. Wengine husema amelogwa. Akiwa ni bibi kizee, tena mjane, wako wanaothubutu kusema kwamba mchawi ndiye yeye. Wachache ndio wasemao kwamba labda ubongo wake unaugua. Siku hizi wako pia wasomi wasemao, "Apelekwe Mbeya akapigwe picha ya kichwa, mambo yote yatajulikana." Mimi naona kwamba hawa wa mwisho wameukaribia ukweli, lakini hawajaufikia. Yafaa tufahamu picha hiyo yaweza kutuambia nini, na haiwezi kutuambia nini.

Zamani madaktari hawakuweza kuuona ubongo wa mtu aliye hai. Mwaka 1906 daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, alieleza ugonjwa wa usahaulifu ambao leo huitwa kwa jina lake, lakini alama zake za ubongoni aliziona kwa hadubini baada ya mgonjwa kufa. Hali ilibadilika tarehe 1 Oktoba, 1971, mgonjwa wa kwanza alipopigwa picha ya ubongo kwa mashine ya CT mjini London. Mashine hiyo hupitisha eksirei kichwani kutoka pande nyingi, kisha kompyuta hupiga hesabu na kutoa picha ya ndani, kana kwamba mtu amekata mkate vipande akautazama. Godfrey Hounsfield wa Uingereza, na Allan Cormack aliyezaliwa Johannesburg, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 1979. Baadaye ikaja mashine ya MRI, itumiayo sumaku yenye nguvu na mawimbi ya redio, nayo huonyesha ubongo kwa uwazi zaidi.

Wengi hudhani kazi ya picha ni kuonyesha ugonjwa usioponyeka. Kwa maoni yangu faida yake kubwa ni kuonyesha ule unaoweza kutibiwa. Mzee aliyeanguka kutoka juu ya mchikichi, au aliyejigonga kichwa kwa kuanguka na baiskeli, aweza kuvuja damu kidogo kidogo ndani ya fuvu. Baada ya majuma kadhaa huanza kusahau, kusinzia na kuburuta mguu, na pengine watu wote hawakumbuki tena kule kuanguka. Picha ikiionyesha damu hiyo, daktari wa upasuaji aweza kuitoa, na mara nyingi akili ya mzee hurudi. Uvimbe, na maji yaliyozidi ubongoni, navyo huonekana. Mgonjwa wa namna hii akiwekwa nyumbani apigiwe ramli, aweza kufa kwa ugonjwa wenye tiba.

Hata hivyo, tusiifanye mashine kuwa mpiga ramli mpya. Ubongo wa mzee husinyaa kiasi hata kama akili yake ni timamu. Tena, ugonjwa wa Alzheimer ukiwa bado mchanga, picha yaweza kuonekana safi. Na mwenye ugonjwa wa Parkinson, yule ambaye mkono humtetemeka akiwa ametulia na ambaye hutembea kwa hatua fupi fupi, mara nyingi picha yake ya kawaida haina kasoro. Daktari humtambua kwa kumtazama, kumshika viungo na kumwuliza habari zake.

Basi kazi huanzia kwenye maswali. Wilayani Hai, Kilimanjaro, mwaka 2010 watafiti walifanya uchunguzi kwa wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi, wakaona kwamba kiasi cha 6 katika kila 100 wana ugonjwa wa kupotewa na akili. Huko Hai yalijaribiwa pia maswali mafupi yasiyomtaka mtu ajue kusoma. Mzee huulizwa leo ni siku gani, husomewa maneno ayakumbuke, hutaja wanyama wengi kadiri awezavyo, na hupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Muuguzi wa zahanati aweza kuifanya kazi hiyo kwa dakika chache, wala haihitaji umeme. Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu ya ugonjwa huu huonekana kwanza nyumbani. Kwa hiyo maneno ya mke, mume na watoto wa mgonjwa yana thamani kubwa mbele ya daktari.

Wako watakaonipinga wakisema: nauli ya Mbeya kupitia Tukuyu ni fedha, picha ni fedha, na dawa ya kuuponya Alzheimer haipo. Kwa nini familia iuze mpunga na kakao bure? Nakubali kwamba si kila msahaulifu apigwe picha. Ndiyo maana nasema maswali yatangulie, damu ipimwe katika hospitali ya wilaya, kisha daktari aamue nani asafiri. Lakini kulijua jina la ugonjwa si bure. Familia ikijua, itamwekea mzee mtu wa kumwangalia asipotelee mtoni, haitamgombeza kwa kuuliza jambo moja mara kumi, wala haitamtafuta jirani wa kumlaumu. Katika nchi yetu wako bibi vizee waliouawa kwa kudhaniwa wachawi. Gharama ya ujinga huo yapita gharama ya picha yo yote.

Kwa hiyo naomba viongozi wetu wafikishe maswali hayo katika zahanati zetu na kuwafundisha wauguzi kuyatumia. Wazazi wetu, mzee akianza kusahau, mpelekeni zahanati mapema, na mseme kama aliwahi kuanguka. Nanyi wanafunzi wenzangu, mtakapokwenda likizo, msikiapo bibi wa jirani akiitwa mchawi kwa sababu ya kusahau, msinyamaze. Waelezeni watu kwa adabu kwamba ubongo nao huugua, kama ini na figo.